Mgonjwa wa mashine ya kupumulia asisubiri Jumatatu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme jambo moja kuhusu vyumba vya wagonjwa mahututi, ICU kama tulivyozoea kuviita. Sizungumzii uchache wa mashine. Hilo limeandikwa sana, hasa tangu mwaka 2020 wa korona, na mashine zimenunuliwa. Langu ni dogo kuliko hilo na halihitaji zabuni. Mgonjwa aliyetobolewa koo akaunganishwa na mashine ya kupumulia, hali yake ikishatulia, anatakiwa achomolewe kwenye mashine hiyo kila siku apumue mwenyewe, hata kama ni kwa nusu saa, mpaka azoee kuishi bila hiyo mashine. Kila siku maana yake ni pamoja na Jumamosi, Jumapili, Idi na Krismasi. Kwa nilivyoona nikiwa kazini, na nilivyoona tena nikiwa ndugu wa mgonjwa, zoezi hili kwetu linafuata kalenda ya ofisi.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Sehemu kubwa ya utumishi wangu niliifanya ICU, enzi ambazo wagonjwa wetu wa mashine walikuwa hasa wa pepopunda, na wale walioanguka kutoka juu ya minazi na miembe wakavunjika shingo. Siku hizi pikipiki zimechukua nafasi ya minazi. Nimestaafu, niko Muheza na michungwa yangu, lakini simu yangu haijastaafu. Ukoo ukiwa na sista, kila ndugu akilazwa anapigiwa yeye kwanza, kabla hata ya shehe au padri.

Nianze na koo lenyewe, maana hapo ndipo ndugu wengi wanapokata tamaa. Daktari akiwaita na kuwaambia anataka kumtoboa mgonjwa koo, wapo wanaotoka pale wakaanza kupigiana simu za msiba. Nimewahi kumwona mzee anakataa kutia saini akisema mwanawe hachinjwi. Ukweli ni kwamba mrija unaopitia mdomoni haufai kukaa wiki na wiki. Unachubua mdomo na zoloto, yaani kisanduku cha sauti, na mara nyingi mgonjwa hauvumilii mpaka alazwe kwa dawa za usingizi. Ule mfupi wa kooni, unaoingia chini ya zoloto, unamruhusu awe macho, akae kitako, asuguliwe meno. Kubwa zaidi, anaweza kuchomolewa kwenye mashine asubuhi na kurudishwa jioni bila kuwekewa kitu upya. Unachomoa bomba la mashine tu, mrija unabaki mahali pake. Kwa hiyo kutobolewa koo, kwa wagonjwa wengi, ndiko kunakofungua mlango wa kutoka.

Kwa nini kila siku? Kwa sababu tunapumua kwa msuli, na msuli usiofanya kazi hunywea. Huo msuli ni diaframu, kile kiwambo kilicho kati ya kifua na tumbo. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kupima vipande vya diaframu za watu 14 waliokwisha kufa ubongo, waliokuwa wakipumuliwa na mashine kwa muda wa kati ya saa 18 na saa 69 kabla ya viungo vyao kutolewa kwa ajili ya kupandikizwa. Nyuzi za msuli huo zilikuwa zimepungua ukubwa kwa zaidi ya nusu, zikilinganishwa na za watu waliokaa kwenye mashine saa chache tu kwa ajili ya upasuaji. Najua wale hawakuwa wakivuta pumzi hata kidogo, na mgonjwa wa kawaida wa ICU bado husaidiana na mashine, hivyo hanywei kwa kasi ile. Lakini nilipoiona hiyo 69 nilichukua kalamu. Kutoka Ijumaa saa kumi jioni, wataalamu wanapofunga mafaili, mpaka Jumatatu saa mbili asubuhi raundi inapoanza, ni saa 64.

Utafiti ninaoupenda zaidi, na ambao ningetamani ubandikwe kwenye mlango wa kila ICU, ni wa madaktari Amal Jubran, Martin Tobin na wenzao, uliotoka mwaka 2013 katika JAMA, jarida la chama cha madaktari wa Marekani. Walifanya kazi katika hospitali moja iliyoko jimbo la Illinois, Marekani, inayopokea watu walioshindikana kuachanishwa na mashine huko walikotoka, wote wakiwa wametobolewa koo. Walikusanya wagonjwa kuanzia mwaka 2000 hadi 2010. Mgonjwa akifika, jambo la kwanza lilikuwa kumchomoa, kumvika kooni kile kifuniko cha plastiki kinacholeta oksijeni yenye unyevu, na kumtazama. Kati ya watu 500, watu 160 walikaa hivyo siku tano bila kuzidiwa. Ni karibu theluthi moja ya watu walioletwa pale kwa sababu hawawezi, kumbe wanaweza. Mpaka leo nikiisoma namba hiyo nawafikiria wagonjwa wangu wa zamani, nani kati yao alikuwa anasubiri tu mtu amchomoe.

Walioshindwa jaribio hilo waligawanywa kwa kura. Kundi moja walibaki kwenye mashine huku msaada wake ukipunguzwa kidogo kidogo. Kundi la pili walichomolewa kabisa. Siku mbili za mwanzo ni mchana tu, kwa muda usiozidi saa 12, na usiku wanarudishwa wapumzishe misuli. Kuanzia siku ya tatu wanaachwa hadi saa 24 wakiweza. Kwa mgonjwa wa katikati ya orodha, waliochomolewa waliachana na mashine kwa siku 15, waliopunguziwa kwa siku 19. Mtu anaweza kusema siku nne si kitu. Kwa familia inayolipia kitanda kwa siku, siku nne ni ng'ombe. Maelezo waliyoyatoa madaktari hao ninayakubali kwa macho yangu mwenyewe. Mgonjwa akiwa kwenye mashine, hata ikiwa imepunguzwa, unayemtazama unaona kazi ya wawili, na ni rahisi kumdhania mnyonge kuliko alivyo. Akichomolewa unamwona yeye.

Nisimdanganye mtu. Katika makundi yote mawili zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa wamefariki ndani ya miezi sita. Wengi walikuwa wazee wenye magonjwa juu ya magonjwa, na njia ya kuachana na mashine haikubadili hilo. Wapo watakaofia kwenye mashine hata tukifanya kila kitu. Ninaowatetea hapa ni wale wengine.

Zoezi lenyewe halimhitaji profesa. Asubuhi, mgonjwa ameshaamka na kuoshwa, unamkalisha akiegemea mito. Umehakikisha homa imeshuka, presha inasimama yenyewe bila dawa kali, oksijeni anayohitaji si zaidi ya asilimia 40 hivi, na anakusikia ukimwita. Unafyonza makohozi. Unamwambia unachotaka kufanya, kwa jina lake, kwa sababu mtu aliyezoea kupumuliwa akichomolewa ghafla anadhani anauawa. Unachomoa bomba, unamwekea oksijeni yenye unyevu. Unyevu huu watu wanaudharau. Hewa ya kooni haikupita puani ikapashwa moto na kuloweshwa; ikiwa kavu makohozi yanaganda, na kohozi lililoganda ndani ya mrija linaua haraka kuliko ugonjwa uliomleta mtu hospitali. Halafu huondoki. Unakaa. Ukiona anapumua zaidi ya mara 35 kwa dakika, kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinashuka chini ya 90, jasho linamtoka, misuli ya shingo inavuta kila pumzi, macho yanakutafuta, unamrudisha kwenye mashine, na unamrudisha apumzike kwelikweli. Kesho tena. Usiku alale, na hapa nawaomba wenzangu mkumbuke kuwa taa za ICU zina swichi.

Sasa niseme la nyumbani. Mtoto wa kaka yangu, kijana wa bodaboda, alipatwa na Guillain-Barré. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili, mara nyingi baada ya kuharisha au mafua, hugeuka na kushambulia neva za mtu mwenyewe. Ilianza miguu, ikafuata mikono, mwisho kifua. Uzuri wa ugonjwa huu, kama una uzuri, ni kwamba wengi hupona wakivushwa kipindi kibaya, ingawa polepole, na ndiyo maana mtu wa namna hii akikwama kwenye mashine inaniuma mara mbili. Alilazwa katika hospitali kubwa ambayo sitaitaja, nami nikapanda basi nikaenda kukaa naye. Kaka aliuza machungwa yangali maua ili apate pesa ya kitanda, na anayejua kilimo cha Muheza anajua bei ya machungwa yanayouzwa yakiwa maua.

Siku za wiki zilikwenda vizuri. Binti wa fiziotherapia alikuwa anamkalisha, anamgonga kifua makohozi yalegee, wanamchomoa. Ijumaa moja alikaa bila mashine tangu saa tatu asubuhi mpaka adhuhuri, ananikonyeza kila nikimtazama, maana kope ndizo zilizokuwa mdomo wake. Jumamosi hakuja mtu. Nilimuuliza muuguzi wa zamu, mdada mwenye heshima zake, akaniambia, "Mama, daktari hajaandika." Jumapili hivyohivyo. Jumatatu daktari bingwa alipopita akaagiza achomolewe, na kijana akachoka kabla ya chai ya saa nne, anahema, jasho linachuruzika. Kwenye faili ikaandikwa ameshindwa. Wiki iliyofuata tukapanda tena mpaka Ijumaa, tukateremka tena mpaka Jumatatu. Aliyeliona hilo kwanza si mimi mwenye vyeti. Ni kaka yangu, ambaye hajui lolote la hospitali, ndiye aliyeniuliza kwa nini Jumatatu ndiyo siku mbaya ya mtoto wake.

Nilikwenda kwa muuguzi kiongozi wa wodi. Sikugombana naye, na ninawasihi ndugu wa wagonjwa msigombane. Nilimwomba maagizo ya Jumamosi na Jumapili yaandikwe Ijumaa: saa ya kumchomoa, saa ya kumrudisha, dalili za kusimamisha zoezi, na namba ya daktari wa zamu. Alimfuata bingwa, bingwa akaandika bila ubishi wowote, akashangaa kidogo kwamba hilo lilikuwa linahitaji kuandikwa. Karatasi ikabandikwa juu ya kitanda. Sitasema karatasi ndiyo iliyomponya, neva zake zilikuwa zinarudi zenyewe. Ila Jumatatu iliyofuata hakuanza upya, wala iliyofuata.

Baadaye, alipokuwa anakaa mchana kutwa bila mashine, waliteremsha, yaani walilitoa hewa, lile puto dogo linaloziba pembeni ya mrija, wakamwekea vali ya kuongelea. Vali hiyo inaruhusu hewa iingie kwa kooni lakini itoke kwa juu, kupitia kwenye nyuzi za sauti. (Puto literemshwe kwanza, siku zote. Likibaki limejaa na vali ikafungwa, mtu anavuta hewa na hana pa kuitolea.) Shangazi mtu nilikuwa nimejiandaa kwa machozi. Neno la kwanza alilolitoa, kwa sauti kama ya jogoo mchanga, alikuwa anauliza nani anapeleka hesabu ya pikipiki, kwa kuwa ilikuwa ya mkataba. Kuutoa mrija wenyewe kooni ni habari nyingine, yenye hatua zake, siingii huko leo.

Wanaosema wikiendi hakuna watu niwakumbushe kazi hii ilivyoanza. Agosti 1952, mjini Copenhagen, Denmark, ugonjwa wa kupooza wa polio uliijaza hospitali ya Blegdam watu wasioweza kupumua, na vifaa vya kuwapumulisha havikutosha hata kidogo. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, alishauri binti wa miaka 12 atobolewe koo na hewa isukumwe ndani kwa mfuko wa mpira unaominywa kwa mkono. Binti akaokoka. Wakaitwa wanafunzi wa udaktari, wapata 1,500 kwa jumla, wakapokezana zamu za kuminya mifuko usiku na mchana kwa miezi. Vifo vya wagonjwa wa aina hiyo, waliokuwa wanakufa karibu 9 kati ya 10, vilishuka mpaka kama robo. Jumapili ilikuwa siku ya kazi kama nyingine, kwa sababu mwanafunzi akiacha mfuko mtu anakufa mbele yake. Mashine imetuondolea mateso hayo, na pamoja nayo imetuondolea haraka.

Tena si lazima bingwa awepo. Mwaka 1996 daktari Wesley Ely na wenzake wa North Carolina walitoa matokeo ya wagonjwa 300. Katika kundi moja, wauguzi na wataalamu wa mashine za kupumulia waliwapima kila siku, waliofaa wakajaribishwa kupumua wenyewe kwa saa mbili, na daktari akajulishwa waliofaulu. Kundi la pili lilifuata utaratibu wa kawaida wa kumsubiri daktari aamue. Kundi la kwanza lilikaa kwenye mashine siku 4.5, la pili siku 6. Utafiti huo haukuwa wa waliotobolewa koo peke yao, lakini jambo ninalolisema ni lilelile: anayekaa na mgonjwa ndiye aanze.

Hapa wauguzi wenzangu watanitafuta. Watasema, mama, Jumamosi tuko wawili kwa wagonjwa sita, mmoja ametoka chumba cha upasuaji sasa hivi, mwingine anakata roho, wewe unataka tukae tumtazame mtu akipumua? Najua. Zamu hizo nimezifanya, na kuna Jumapili nilizokunywa chai ya asubuhi saa kumi jioni. Kwanza, siwaombi mchomoe wote sita. Chagueni aliye karibu zaidi na mlango, mpeni saa moja. Pili, nje kwenye benchi kuna ndugu yake aliyefika tangu alfajiri na chupa ya uji. Huyo aingizwe, akae, afundishwe kuhesabu pumzi kwa dakika na kuwaita zikizidi. Hatafyonza makohozi wala kugusa mashine. Atahesabu na kuita. Mgonjwa naye atatulia zaidi akiuona uso anaoujua kuliko akimwona yeyote kati yetu.

Lakini nisiwatetee sana kwa uchovu, maana si uchovu peke yake. Kikubwa ni hofu. Mgonjwa akizidiwa Jumatatu mbele ya bingwa, ni ugonjwa. Akizidiwa Jumamosi mikononi mwa muuguzi wa miaka miwili kazini, ni uzembe, na Jumatatu ataitwa ofisini aeleze nani alimtuma. Kwa hali hiyo hata mimi ningesema daktari hajaandika. Ndiyo maana ninataka karatasi yenye saini ya bingwa. Inamlinda mgonjwa, na inamlinda yule dada.

Kwa hiyo waganga wafawidhi, mkipanga ratiba ya mwezi, mtu wa fiziotherapia aonekane Jumamosi na Jumapili, hata kwa nusu siku, na alipwe posho yake. Mabingwa, Ijumaa mkifunga raundi andikeni ya siku tatu, msiandike ya leo tu. Wizara ya Afya iandae karatasi hiyo iwe moja nchi nzima, kwa Kiswahili chepesi, ili muuguzi akihamishwa kutoka Mtwara kwenda Mwanza aikute ileile ukutani.

Na ninyi ndugu mliokaa kwenye benchi, Ijumaa kabla bingwa hajaondoka msimamisheni kwa adabu mmuulize kesho na keshokutwa mgonjwa wenu atachomolewa saa ngapi, na nani atakaa naye. Akiwajibu kwamba kwa sasa hafai, muulizeni sababu, na muiandike. Sababu za kweli zipo: homa imerudi, presha imeshuka, kifua kimejaa. Wikiendi haimo.

Muuguzi mstaafu,
Muheza, Tanga.